Matone ya maua ya hothoni: yanatuliza au yanatibu?

Hothoni ni mti gani?
Ni mti mfupi wenye miiba. Kwenye chupa za dawa utaona jina lake la kisayansi, Crataegus. Mashambani Uingereza umejaa tele, kwa sababu ulipandwa kama uzio hasa katika karne ya 18 na 19, ardhi ya pamoja ya vijiji ilipogawanywa na kuwekewa mipaka. Mwezi Mei huchanua maua meupe, baadaye huzaa vitunda vyekundu.

Mbona unahusishwa na mambo ya kiroho?
Imani hizo ni za kale. Huko Ireland, hothoni iliyosimama peke yake husemwa ni makao ya viumbe wasioonekana, na wapo wakulima wasiothubutu kuikata. Karibu na visima vitakatifu, watu hufunga vitambaa matawini wakiomba kupona. Mjini Glastonbury, Uingereza, husimuliwa kwamba Yusufu wa Arimathaya alichomeka fimbo yake ardhini ikachipuka hothoni, nayo huchanua majira ya Krismasi. Hata hivyo wazee wa Uingereza walikataza maua yake yasiingizwe nyumbani, wakisema yanaita kifo. Hilo lina chanzo: maua hayo yana trimethilamini, kemikali inayotokea pia mwili unapoanza kuoza.

Matone hutengenezwaje?
Maua huwekwa yaelee juu ya maji ya chemchemi na kuachwa juani kwa saa kadhaa. Maji hayo huchujwa, hutiwa brandi yasiharibike, kisha huzimuliwa tena kabla ya kuuzwa. Njia hii ilibuniwa na Edward Bach, daktari Mwingereza aliyefariki mwaka 1936. Katika dawa zake 38 hothoni haimo. Iliongezwa na watengenezaji waliomfuata, wanaosema huufungua moyo uliojifunga kwa majonzi.

Basi yanatibu?
Ugonjwa, hapana. Ndani ya chupa karibu hakuna kitu cha mmea kilichobaki. Mwaka 2010 Profesa Edzard Ernst wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, alipitia majaribio yaliyofanywa juu ya dawa za maua za Bach, akaona kwamba yale ya kuaminika zaidi hayaonyeshi tofauti kati yake na dawa bandia, yaani ile isiyo na kitu cha kutibu ndani yake. Lakini sitamdharau mfiwa anayesema yamemtuliza. Kukaa kimya, kupumua taratibu, kuomba, kujitengea dakika chache za kujihurumia: hayo yana faida ya kweli, na mara nyingi huja pamoja na matone.

Nimesoma kwamba hothoni imefanyiwa utafiti wa moyo.
Ni kweli, ila iliyofanyiwa utafiti ni dondoo nzito ya majani na maua, si matone haya. Tafadhali usivichanganye. Mapitio ya tafiti ya mwaka 2008 yaliona kwamba dondoo hiyo, ikiongezwa juu ya dawa za hospitali, ilipunguza uchovu na kukosa pumzi kwa wenye moyo dhaifu. Jaribio kubwa la wagonjwa 2,681 halikuonyesha kwamba inapunguza kwa uhakika vifo na matukio mabaya ya moyo. Na kwa kuwa ina nguvu, inaweza kugongana na digoksini (dawa ya moyo), dawa za presha na zile za kutanua mishipa. Mwambie daktari kabla ya kuinywa.

Mama yangu ana presha. Anaishi nami Uingereza, anataka kuacha vidonge atumie matone tu. Nimwambieje?
Mwambie kwa upole, lakini leo: asiache. Presha inaweza kupanda bila dalili yoyote hadi kiharusi kimkute. Muulize pia kwa nini vidonge vimemchosha. Huenda vinamkohoza, vinamvimbisha miguu au vinampa kizunguzungu, na daktari anaweza kumbadilishia. Akipata maumivu ya kifua, akikosa pumzi ghafla au mdomo ukipinda, piga 999 papo hapo.

Sinywi pombe kwa sababu ya dini. Je, matone yananifaa?
Soma lebo, kwani mengi yana brandi. Wapo wanaotumia gliserini ya mimea badala yake. Anayepona uraibu wa pombe, au anayetumia disulfiramu (dawa ya kusaidia kuacha pombe), ayaepuke yale yenye brandi hata kama ni matone mawili.