Bunge la kwenye TV na Bunge la kamati

Kila mwaka bajeti ikianza kusomwa Dodoma napigiwa simu na watu, mbona wizara nzima inapitishwa siku moja au mbili tu, hao wabunge wanasoma saa ngapi? Sasa mnachokiona kwenye TV ni mwisho wa shughuli, shughuli yenyewe imeanza wiki kadhaa nyuma huko kwenye kamati.

Mimi ni mhasibu, nimestaafu serikalini, na miaka mingi kazi yangu ilikua randama. Wengi hawaijui hii kitu. Randama ni kile kitabu wizara inaipelekea kamati kuelezea fungu lake la bajeti kasma kwa kasma, yaani kila kifungu kidogo cha matumizi peke yake, mwaka jana mlitupitishia kiasi gani, Hazina ikatoa kiasi gani kweli (hapo ndo pana maneno), na safari hii tunaomba kiasi gani cha kufanyia nini. Kwenye kitabu cha bajeti utakuta namba moja tu ya safari za ndani, kwenye kamati unaulizwa nani anasafiri, anaenda wapi, mara ngapi. Mbunge aliyeisoma randama yako vizuri anakutoa jasho na kiyoyozi kinawaka. Asiyeisoma naye anajulikana, atauliza barabara ya jimboni kwake kwenye kamati isiyohusika na barabara, tunacheka kimoyomoyo.

Baada ya hapo ndo mnaona Bunge zima linakaa kama Kamati ya Matumizi, mbunge anashika shilingi ya mshahara wa waziri, yaani anauzuia usipite, hadi apewe maelezo, makofi, vijembe. Mara nyingi anairudisha.

PAC ni habari nyingine kabisa. Hii Kamati ya Hesabu za Serikali haiulizi mnataka nini, inauliza mlifanyia nini, na inatembea na ripoti ya CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, mkononi (halmashauri wao wana ya kwao, LAAC). Kwa utaratibu uliozoeleka mwenyekiti anatoka upinzani. Halafu pale haitwi waziri, anaitwa Afisa Masuuli, kwa wizara ndo katibu mkuu, maana yeye ndo anawajibika kwa hela iliyotoka. Watu wa CAG wapo humo humo chumbani, kwa hiyo ukisema nyaraka zipo mwenyekiti anawageukia wao, mmeziona? Nimeshakaa nyuma ya bosi na mafaili mapajani, kaulizwa kielelezo, kageuka kuniangalia, na mimi sinacho. Tukasema kipo njiani. Siku hiyo chakula hakikupita.

Kuna kitu watu wanakichanganya: kamati haimfukuzi mtu. Inaweza kuita mashahidi na kudai nyaraka, ila mwisho wa siku inaandika taarifa na mapendekezo, Bunge likikubali yanakua maazimio, utekelezaji uko serikalini. Angalia sakata la Tegeta Escrow, la mabilioni yaliyotolewa kwenye akaunti ya mgogoro wa malipo ya umeme, lililofika bungeni Novemba 2014. PAC ya Zitto Kabwe ilisoma taarifa yake ikitegemea ukaguzi maalumu wa CAG, Bunge likapitisha maazimio, lakini Werema aliyekua Mwanasheria Mkuu alijiuzulu mwenyewe mwezi uliofuata, Tibaijuka aliyekua Waziri wa Ardhi akaondolewa na Rais Kikwete, Muhongo wa Nishati na Madini akajiuzulu Januari 2015. Na sakata la Richmond, la mkataba wa umeme wa dharura, lililomwondoa Waziri Mkuu Lowassa Februari 2008 halikua hata la PAC, ile ilikua kamati teule chini ya Mwakyembe, inaundwa kwa kazi moja, ikimaliza imekwisha. Kwa maoni yangu udhaifu wetu uko hapo kwenye utekelezaji, maana kuna hoja za ukaguzi nilizikuta naanza kazi na nikaziacha nastaafu.

Miswada nayo inapita kamatini baada ya kusomwa mara ya kwanza, na hapo hata wewe unaweza kwenda, wadau wanaitwa kutoa maoni. Tangazo huwa linatoka siku zimebaki chache kwa hiyo uwe tayari. Nenda na karatasi: kifungu fulani, maneno haya yafutwe, haya yaingie, sababu hii. Hiyo katibu wa kamati anaweza kuiweka moja kwa moja kwenye jedwali lake. Ukija na "tunaiomba serikali iliangalie hili kwa jicho la huruma" atakuitikia kwa heshima zote, afu hana pa kukuandika.