Galaksi kongwe bado inatoa eksirei

Kila Wiki ya Anga za Juu Duniani inapokaribia, Oktoba 4 hadi 10, maswali huongezeka kwetu hapa Dodoma. Linaloongoza ni kama eksirei za nyota zinatudhuru. Hazifiki ardhini, angahewa huzizuia. Ndiyo maana Uhuru, setelaiti ya kwanza ya kuzichunguza, ilirushwa angani kutoka pwani ya Malindi, Desemba 12, 1970. Tunaomba swali hili lifungwe. Kwa eksirei za hapa ardhini, mwenye wajibu ni mmiliki wa mashine ya eksirei: Sheria ya Nguvu za Atomiki Na. 7 ya 2003 inamtaka awe na leseni ya Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, na kuitumia bila leseni ni kosa.

Pia tunasikia kwamba galaksi, yaani mkusanyiko wa mamilioni au mabilioni ya nyota, isiyozaa nyota tena imekufa. Si kweli, bado inatoa eksirei, na tumelieleza hili mara nyingi.

Eksirei nyingi za galaksi ya kawaida hutoka kwa nyota pacha, yaani jozi zinazozungukana: nyota ya nutroni au shimo jeusi, ambayo ni mabaki yaliyosongamana ya nyota nzito iliyokufa, hunyonya gesi ya mwenzake, na gesi hiyo huchemka hadi mamilioni ya nyuzi joto. Katika jozi iitwayo Cygnus X-1, shimo jeusi lina takriban mara 21 ya uzito wa Jua na mwenzake karibu mara 40. Nyota nzito kiasi hicho huwaka kama majani makavu. Kwa hiyo jozi za aina hii, tunazoziita nzito, hustawi pale nyota zinapozaliwa, na baada ya makumi ya mamilioni ya miaka huwa zimekwisha.

Scorpius X-1, iliyogunduliwa 1962, ni ya aina nyingine, jozi nyepesi. Humo nyota ya nutroni ina mwenzake mwepesi kuliko Jua, nao huzungukana kwa saa 19 hivi. Jozi kama hii huchelewa, kwani lazima nyota ndogo ivimbe au isogezwe karibu ndipo gesi ianze kumwagika. Huongezeka galaksi ifikapo umri wa takriban miaka bilioni moja, na hudumu mabilioni mengine. Ndizo zinazong'ara kwenye galaksi kongwe za umbo la yai, nyingi zikiwa ndani ya vishada vya nyota vilivyosongamana.

Kuzihesabu jozi hizi kuna utaratibu. Kwanza tunaondoa nukta za eksirei za galaksi za mbali zilizo nyuma, kwa kulinganisha na eneo tupu la anga. Pili tunatenga gesi moto, ambayo eksirei zake ni hafifu kwa nishati. Tatu tunafidia jozi zilizofifia mno kuonekana. Hatimaye mwanga wa jozi nzito tunaupima dhidi ya kasi ya kuzaliwa nyota, na wa jozi nyepesi dhidi ya uzito wa nyota zote. Ukiruka hatua moja, kazi yako itarudishwa.

Usiku wa Oktoba, nje ya taa za mji, tazama kusini: ukungu mdogo mweupe ni Wingu Dogo la Magellan, galaksi ndogo jirani yetu. Lina jozi nzito nyingi mno kwa ukubwa wake, kwa sababu nyota nyingi zilizaliwa humo kati ya miaka milioni 25 na 60 iliyopita.