Alama 62 Si Asilimia 62

Katika studio ninayorekodia waimbaji hapa Kirumba, jirani na soko la samaki la Mwaloni, hakuna kauli inayonichosha kama hii: "Kaka, albamu hii imepata 62, kwa hiyo karibu nusu ya wahakiki wameikataa." Wiki iliyopita niliisikia tena kwa dada mmoja anayejitungia nyimbo zake, akinionyesha kwenye simu alama ambazo mtandao wa Metacritic uliipa Born to Die, albamu ya Lana Del Rey ya mwaka 2012.

Alama hiyo haihesabu waliopenda na waliochukia. Hesabu ya namna hiyo hufanywa na Rotten Tomatoes, ambao hushughulika na filamu na vipindi vya televisheni. Metacritic huchukua nyota au alama za kila mhakiki na kuzigeuza ziingie katika kipimo cha 100, hivyo nyota 3 kati ya 5 huwa 60. Aliyeandika bila kutoa alama hukadiriwa, kisha hutafutwa wastani ambao baadhi ya machapisho hupewa uzito zaidi, na uzito huo hautangazwi. Hata tukiuweka uzito kando, chukua kalamu: wahakiki 10 wakitoa 60 kila mmoja, wastani ni 60; watano wakitoa 90 na watano wakitoa 30, wastani ni 60 vilevile. Kwa mtunzi, hizo ni habari mbili tofauti kabisa, kwa kuwa albamu ya kwanza haikumuudhi wala kumgusa mtu, ilhali ya pili imezua ubishi, na mimi ningetamani kuwa nimerekodi hiyo ya pili.

Kosa la kuiona 62 kuwa alama mbaya, nadhani, tunalitoa shuleni, kwani katika matokeo ya kidato cha nne 62 ni C, na C haimfurahishi mzazi. Kwa muziki, Metacritic wenyewe huhesabu 61 hadi 80 kuwa mapokezi mazuri kwa ujumla.

Nilimwomba dada yule afunike namba kwa kidole gumba, tusome maneno ya wahakiki. Ndivyo ninavyomshauri kila mteja, na sitachoka kurudia. Sehemu kubwa ya ubishi wa mwaka 2012 juu ya Born to Die ilihusu kama sura aliyojivika Lana Del Rey ilikuwa yake kweli, jambo ambalo mtunzi hawezi kulirekebisha kwa kubadili ubeti, na hakuna namba inayoweza kukuambia hivyo.

Wengine huamini kwamba hukumu ya siku albamu inapotoka ndiyo ya mwisho. Jarida la Pitchfork liliipa albamu hiyohiyo 5.5 kati ya 10, na mwaka 2021, lilipopitia upya baadhi ya alama zake za zamani, likaipandisha hadi 7.8. Wapo pia wanaodhani kwamba bila sifa za wahakiki albamu haiuziki, lakini hii ilifika namba moja Uingereza mara tu ilipotoka. Na anayetaka kuacha kutunga kwa sababu albamu yake ya kwanza ya peke yake imepokewa kwa ubaridi, namkumbusha habari za Carole King, mtunzi na mwimbaji wa Marekani: albamu yake Writer ya mwaka 1970 haikuuza sana, na mwaka uliofuata alitoa Tapestry, iliyokaa namba moja Marekani kwa wiki 15 na kushinda tuzo ya Grammy ya albamu bora ya mwaka.

Kuhusu dhana kwamba mhakiki asiyesifu ana wivu, sina subira nayo. Mhakiki akiandika kwamba kiitikio cha wimbo wa nne kinarudi mara nyingi mno bila kuongezewa ala wala sauti ya pili, dai hilo linapimika, awe na wivu au asiwe nao: cheza wimbo, uhesabu. Dada yule aliuchukua wimbo wake mwenyewe tulioumaliza mwezi uliopita, akavaa vipokea sauti, akahesabu kwa vidole. Kiitikio kilirudi mara nane, na jioni ileile tukaondoa marudio matatu.