Dola Milioni 11.21 kwa Mlima Mmoja

Jioni ya Novemba 23, 2016, mjini Toronto, nyundo ya mnadi iligonga kwa dola milioni 9.5 za Kanada, na kesho yake magazeti yakaandika kwamba mchoro uliuzwa kwa dola milioni 11.21. Tangu hapo nimeulizwa mara nyingi ni nani aliyekosea kati ya mnadi na waandishi. Hakuna aliyekosea. Bei inayotajwa ukumbini ni dau la mwisho tu, na juu ya dau hilo mnunuzi hulipa ada ya jumba la mnada, ambayo kwa mchoro ule ilikuwa asilimia 18, yaani dola milioni 1.71. Kazi yangu ni kuthamini michoro, na mthamini asiyetenganisha bei ya nyundo na bei iliyolipwa humpotosha mteja kabla hata hajaketi.

Mchoro wenyewe unaitwa "Mountain Forms", yaani maumbo ya mlima. Lawren Harris, mchoraji wa Kanada, aliuchora mnamo 1926 kwa rangi ya mafuta, juu ya turubai lenye upana wa sentimita 178 hivi na kimo cha sentimita 152, akionyesha mlima Ishbel katika Hifadhi ya Taifa ya Banff. Jumba lililouuza ni Heffel, lililoanza Vancouver mwaka 1978 kama duka la sanaa la Ken Heffel, kisha likaingia katika minada mwaka 1995 mikononi mwa wanawe, David na Robert. Katalogi iliukadiria mchoro ule kati ya dola milioni 3 na milioni 5. Kabla ya jioni ile, bei ya juu kuliko zote kwa mchoro wa Kikanada mnadani ilikuwa dola milioni 5.06, zilizolipwa mwaka 2002 kwa picha ya Paul Kane inayomwonyesha John Henry Lefroy. Rekodi hiyo ilidumu miaka kumi na minne, na ilipovunjwa ilivunjwa kwa zaidi ya mara mbili.

Watu wengi hutazama bei kama hiyo wakawaza juu ya tajiri aliyeilipa. Mimi huwaza juu ya aliyekubali kuuza. Katika biashara hii wanunuzi wapo sikuzote, wamekaa na fedha zao wakisubiri, na kinachoadimika ni mchoro mkubwa kutoka ukutani kwa mtu na kuingia katika katalogi. Kwa hiyo jumba la mnada hupata msimu mzuri kwa kuwashawishi wenye mali, kazi ambayo hufanyika kimya kimya, kwa miezi na hata miaka, katika sebule za watu na ofisi za mawakili wa mirathi. Wenyewe tunasema kwamba mlango wa mwenye mchoro hufunguliwa na mambo matatu, kifo, deni na talaka, na kwa siku za karibuni ningeongeza la nne: kampuni inayoamua kwamba haina haja tena ya kuwa na michoro ofisini. "Mountain Forms" ulikuwa katika hazina ya michoro ya kampuni ya mafuta ya Imperial Oil. Mkusanyo wa aina hiyo unapofunguliwa, kila jumba la mnada nchini hupiga hodi.

Uadimu wenyewe una sababu zake, na hapa inabidi nimzungumzie Harris kidogo. Alizaliwa Brantford, Ontario, mwaka 1885, katika familia iliyotengeneza zana za kilimo. Mwaka 1891 kampuni ya familia yake iliungana na ya akina Massey ikawa Massey-Harris, ambayo baadaye, ilipoungana na ya Ferguson, ndiyo iliyozaa jina la Massey Ferguson. Msomaji aliyekulia karibu na shamba la ngano au la mkonge Afrika Mashariki analijua jina hilo tangu utotoni, kwenye pua ya trekta jekundu. Utajiri huo ulimwezesha Harris kuchora bila kuhangaikia mkate wa kesho, na pamoja na rafiki yake daktari James MacCallum akagharimia jengo la studio mjini Toronto mwaka 1914 ambamo wachoraji wenzake walipata mahali pa kufanyia kazi. Mwaka 1920 wakajiita Kundi la Saba. Harris alikuwa pia mfuasi wa theosofia, imani inayotafuta ukweli mmoja wa kiroho nyuma ya dini zote, na imani hiyo inaonekana katika jinsi alivyozidi kuvua mandhari vitu vidogo vidogo, mpaka mlima ukabaki umbo, nuru na ubaridi. Alifika milima ya Rockies kwa mara ya kwanza mwaka 1924, akairudia kwa miaka kadhaa, kisha katika miaka ya 1930 akaachana na mandhari na kuingia katika uchoraji wa maumbo matupu. Hesabu basi ni ndogo: ni miaka michache tu ya turubai kubwa za milima, na nyingi kati ya hizo zimo katika makumbusho, ambako hazitoki.

Jambo jingine lilitokea nje kabisa ya biashara ya minada. Kati ya 2015 na 2016 mwigizaji wa Marekani Steve Martin, ambaye ni mkusanyaji wa michoro ya Harris, alishiriki kuandaa maonyesho ya mchoraji huyo yaliyopita Los Angeles, Boston na Toronto. Wamarekani waliokuwa hawajawahi kulisikia jina la Harris walisimama mbele ya barafu zake. Novemba 2015, maonyesho yakiwa yangali yanaendelea, Heffel waliuza mchoro wake mwingine, "Mountain and Glacier", kwa dola milioni 4.6. Ukiwa mwenye mchoro kama huo, na unasoma bei hiyo gazetini, huhitaji kushawishiwa sana.

Hapo ndipo makadirio ya milioni 3 hadi 5 yanapopata maana. Msomaji anaweza kudhani kwamba wathamini walikosea vibaya, kwa kuwa mchoro ulilipiwa zaidi ya mara mbili ya kiwango cha juu. Sidhani hivyo. Makadirio hayatabiri bei. Huandikwa ili kuwaita watu wakae kitini, na makadirio ya juu mno huwafukuza wanunuzi kabla mnada haujaanza, kwani kila mmoja hujiambia kwamba hapo hapana nafuu. Nyuma ya makadirio kuna bei ya siri ambayo mwenye mali hakubali ishuke chini yake, na kwa desturi bei hiyo haizidi kiwango cha chini kilichochapishwa. Ikivukwa, kinachobaki ni idadi ya watu wenye nia na ukaidi wa wawili wa mwisho. Mmoja peke yake, awe na fedha kiasi gani, hawezi kuipandisha bei, na mthamini hawezi kumjua wa pili mpaka amwone anainua kibao chake cha namba.

Mapato ya usiku huo hayakuishia kwenye ada. Miezi sita baadaye, Mei 2017, Heffel walinadi "Vent du nord" wa Jean Paul Riopelle, mtu wa Quebec aliyekuwa akipaka rangi kwa kisu cha mchoraji hadi turubai likawa na makunyanzi mazito kama gome la mti. Makadirio yalikuwa dola milioni 1 hadi milioni 1.5. Ulilipiwa takriban milioni 7.4. Msimu mmoja huleta mwingine, kwa sababu wenye michoro nao husoma matokeo, na jumba lililovunja rekodi mwezi Novemba huingia mazungumzo ya Januari likiwa na hoja ambayo mshindani wake hana.

Mpinzani mkubwa wa jumba la mnada katika kuwania wenye mali, hata hivyo, ni makumbusho. Sheria ya Kanada humpa nafuu ya kodi mtu anayetoa mchoro muhimu kwa makumbusho, na familia nyingi hukaa mezani na kalamu zikilinganisha nafuu hiyo na bei ya mnada. Sheria hiyohiyo inaweza kuzuia mchoro wa zamani usitoke nchini, na msimu ule wa 2016 ulitoa kesi ambayo hadi leo naitumia kuwaeleza wateja. Pamoja na mlima wa Harris iliuzwa picha ya maua ya buluu ya Mfaransa Gustave Caillebotte, kwa dola 678,500, kwa duka la sanaa la London. Kibali cha kuisafirisha kikanyimwa. Heffel wakaenda mahakamani wakiuliza maua ya bustani ya Ufaransa, yaliyochorwa na Mfaransa, yana umuhimu gani kwa taifa la Kanada, na mwaka 2018 Mahakama ya Shirikisho ikawaunga mkono. Makumbusho yakashtuka, maana nafuu ya kodi ilitegemea kipimo hichohicho cha umuhimu wa kitaifa, na watoaji wa michoro ya kigeni wakaanza kusitasita. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufaa ikatengua hukumu ile, bajeti ya serikali mwaka huohuo ikaondoa kipimo hicho katika masharti ya kodi, na picha ikaishia katika Jumba la Sanaa la Ontario. Mlima wa Harris uliokuwa na thamani mara kumi na sita yake haukuzua kesi yoyote.

Lakini hakuna mchoro unaofika hatua hiyo bila kugeuzwa. Mchoro ukiletwa kwangu, kitu cha kwanza ninachofanya ni kuutazama mgongoni. Huko nyuma ndiko kuliko na lebo za maonyesho, namba za orodha, mihuri na misumari. Vibao vya mbao alivyovichora Tom Thomson, mchoraji wa Kanada, vyenye ukubwa wa sentimita 22 kwa 27 hivi, mara nyingi vina muhuri wa herufi mbili za jina lake na mwaka 1917, uliobuniwa na rafiki yake, mchoraji J.E.H. MacDonald, baada ya Thomson kufa katika ziwa Canoe. Asiyeangalia mgongo hupata hasara. Mwaka 2015 Jumba la Sanaa la Vancouver lilitangaza kwamba limepewa vibao kumi vya MacDonald huyohuyo, vilivyosemekana kuwa vilizikwa ardhini kisha vikafukuliwa. Miaka minane baadaye jumba hilo lenyewe liliandaa maonyesho ya kueleza kwa nini si kazi yake, baada ya vipimo kuonyesha rangi ambazo hazikuwa zikitumika alipokuwa hai. Kwa upande mwingine, mchoro wa Mkanada Emily Carr wa mwaka 1912, "Masset, Q.C.I.", uliokuwa ghalani Marekani na kununuliwa kwa dola 50, ulitambuliwa, ukapata karatasi zake, na mwezi Novemba 2024 ukauzwa na Heffel kwa dola 290,000 za Kanada kabla ya ada.

Habari ya dola 50 imeniletea wageni wengi. Mmoja wao ni mzee wa Mombasa aliyestaafu udereva wa basi hapa Toronto, aliyekuja na mandhari ya mto na misonobari ndani ya mfuko wa plastiki, aliyoinunua kwenye soko la vitu vikuukuu la kanisa kwa dola 15.

"Mwanangu," akasema, "hii si ya wale Saba?"

Niliigeuza. Ilikuwa ni kadi nene, na rangi zilikaa bapa, kila moja na ukingo wake kama kiraka, bila alama ya brashi hata moja. Nilimweleza kwamba kuanzia vita vya pili vya dunia kampuni ya uchapaji ya Sampson-Matthews ya Toronto, kwa ushirikiano na Jumba la Taifa la Sanaa, ilichapa kwa skrini ya hariri nakala nyingi za michoro ya Kikanada, zikatundikwa katika kambi za askari, shule na benki, na kwamba yake ni mojawapo ya hizo. Ina thamani ya dola mia kadhaa, ikipata mtu wa kuitaka.

"Na ada ni kiasi gani?"

Nikamwambia kwamba siku hizi Heffel humtoza mnunuzi asilimia 25 ya dola 25,000 za mwanzo. Mzee akapiga hesabu kwa vidole, akacheka, akairudisha picha mfukoni na kuniuliza basi la kwenda Scarborough linasimama upande gani wa barabara.