Jiko liko wapi? Namna ya kusoma majumba ya Lubumbashi

Anayejifunza usanifu wa majengo hufundishwa kutazama kwanza uso wa nyumba: nguzo, madirisha, mapambo ya ukingo wa paa. Mimi nimefanya kazi ya kupima na kuchora majumba ya zamani ya Lubumbashi, kusini mwa Kongo, na nimezoea kuanza upande wa pili, kwa kuuliza moto wa kupikia uliwekwa wapi. Mji huu ulioanzishwa na Wabelgiji mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, mwaka uleule reli kutoka kusini ilipofika, ulikusanya watu wa lugha na vyakula vingi kwa ajili ya shaba. Ramani za nyumba zao zinatofautiana zaidi katika jiko kuliko mahali pengine popote.

Katika nyumba za Wabelgiji za katikati ya mji, jiko halikuwa chini ya paa moja na chumba cha kulia. Lilijengwa nyuma, pamoja na chumba cha mtumishi, na sahani zilivuka uwanja kabla ya kufika mezani. Sababu zilizotolewa zilikuwa moshi na hatari ya moto, lakini barza pana ya mbele, ambapo mwenye nyumba alipumzika, na kibanda cha nyuma, ambapo mpishi Mwafrika alifanya kazi, vilichora pia mpaka wa rangi. Mpaka huohuo ulichorwa kwa ukubwa wa mji mzima, kwa kuacha eneo lisilojengwa kati ya mji wa Wazungu na mtaa wa Waafrika, eti ili mbu wa malaria wasivuke. Wapishi, hata hivyo, walilivuka kila asubuhi.

Wafanyabiashara walijenga kwa namna nyingine. Wayahudi waliotoka kisiwa cha Rhodes, Wagiriki, Waitalia na Wahindi walifungua maduka yenye kibaraza kilichofunika njia ya waenda kwa miguu, na mara nyingi familia iliishi nyuma ya duka au juu yake, hivi kwamba jiko na ghala vilikuwa majirani. Sinagogi iliyojengwa kati ya 1929 na 1930, kwa usanifu wa Raymond Cloquet, ni alama mashuhuri ya jamii ya Rhodes, lakini kwangu mimi maduka yao yanafundisha zaidi. Wagiriki nao waliacha alama isiyoonekana ukutani: ni wao waliosimamia sehemu kubwa ya biashara ya samaki wa mto Luapula na Ziwa Mweru, waliopakiwa katika barafu huko Kasenga, kando ya mto huo, na kuletwa mjini kwa malori. Samaki huyo hakuishia kwenye meza zao tu. Aliliwa na wachimbaji, pamoja na bukari, yaani ugali.

Bukari ndiyo iliyobadilisha usanifu wa mtaa wa mfanyakazi. Union Minière, kampuni ya Kibelgiji ya kuchimba shaba, iliwapa watu wake posho ya chakula, na unga wa mahindi ulikuwa sehemu yake kubwa. Tangu miaka ya 1920, kampuni ilipoona ni faida mfanyakazi akae muda mrefu, ilihimiza wake na watoto waje kuishi kambini, na hapo kila nyumba ikahitaji moto wake. Vyumba vilikuwa vidogo. Mwanamke akapika nje, katika lupango, yaani kiwanja cha nyumba. Anayesonga bukari anahitaji sufuria iliyo chini, juu ya mafiga au mbabula (jiko dogo) ya makala, yaani makaa, ili aweze kuukandamiza mwiko kwa uzito wa mwili wake. Jiko la Kizungu, lenye meza inayofika kiunoni, linamnyima nguvu hiyo. Kwa hiyo ua ukawa chumba kikuu cha nyumba: mahali pa kupikia, kuosha, kutwanga sombe (majani ya muhogo) na kupokea wageni, huku vyumba vya ndani vikibaki vya kulala na kuhifadhi vitu.

Reli ya kwenda Ilebo, huko Kasai, ilipokamilika mwaka 1928, safari ya watu wa Kasai kuja huku ikawa rahisi zaidi, nao walikuja na desturi ya kuchanganya unga wa mahindi na wa muhogo. Mchanganyiko huo unahitaji mahali pa kuanikia muhogo, palipo wazi na penye jua. Katika Katuba, mtaa wa Lubumbashi uliokua miaka ya 1950 kwa mikopo ya vifaa vya ujenzi ambayo mwenye nyumba aliilipa polepole, utaona malupango mengi ambayo nyumba imesogezwa upande mmoja ili uwanja ubaki mzima.

Vifaa vya kujengea, ajabu kidogo, havikutofautiana sana. Matofali mekundu ya kuchoma, mengi yakifinyangwa kwa udongo wa vichuguu vikubwa vinavyoizunguka Lubumbashi, yamejenga nyumba za matajiri na za maskini, na miti ya miombo iliyoyachoma ndiyo pia inayotupatia makala ya mbabula.

Siku hizi wateja wangu huniomba jiko la ndani lenye vigae na kabati, kisha, karibu kwa aibu, wananiomba jiko la pili nje. Siwashangai, na si kwa sababu ya kukatika kwa umeme peke yake. Msanifu anayelifuta jiko la pili kwenye mchoro atalikuta limejengwa kwa mabati mwaka unaofuata, mahali pabaya, moshi ukiingia vyumbani. Kinachonihangaisha zaidi ni majengo mapya ya biashara yenye kuta za vioo zinazoishia kwenye mstari wa barabara. Hayana kibaraza hata kimoja. Wauza mikate na kikanda (kitafunio cha viazi vya okidi na karanga), waliokuwa wakikaa chini ya vibaraza vya maduka ya zamani, wanasukumwa hadi kwenye mtaro, nasi wasanifu tunawalaumu kwa uchafu. Ninapochora duka sasa, naacha mita mbili na nusu zilizoezekwa mbele ya mlango, na bomba la maji pembeni. Mteja hulalamika kwamba namnyima eneo la kuuzia, na mpaka leo tunabishana kuhusu bomba kuliko kuhusu paa.