Hata PES 6 Ikirudi

Vijana wa mabanda ya gemu hapa Dodoma, wa Majengo mpaka wa Chang'ombe, wakishajua kwamba kazi yangu ni kuandika programu za upande wa mtandao kwa michezo ya simu, wana swali moja: kwa nini Konami, kampuni ya Japani, hawarudishi PES ya zamani, ile gemu yao ya mpira? Na hawaulizi kama watu wanaotaka jibu. Wanauliza kama watu waliodhulumiwa.

Sehemu ya haki wanayo. Ila hayo ni madai mawili yaliyofungwa kamba moja, na bila kuyatenganisha hayajibiki. Dai la kwanza linahusu gemu yenyewe: inavyoitikia padi, ina nini ndani, inataka nini kwako. Hilo linapimika. La pili linahusu umri wetu na watu tuliokaa nao benchi moja. Hilo hakuna mhandisi anayeweza kulitengeneza, hata apewe miaka kumi.

Kwa ambaye hakuufuatilia, mfululizo huu ni wa siku nyingi. Winning Eleven ya Konami ilianza mwaka 1995 kwenye PlayStation ya kwanza, na nyingi zilizotufikia zilikuwa na menyu za Kijapani ambazo watu walizikariri kwa mpangilio tu: shuka mara kadhaa, bonyeza duara, uko uwanjani. Jina la Pro Evolution Soccer, yaani PES, likaja 2001. PES 6, ya mwaka 2006, ndiyo iliyoganda kwenye mioyo ya watu. Adriano wa Inter na lile shuti la mguu wa kushoto. Castolo na Minanda wa Master League, ile sehemu ya kuongoza klabu msimu hadi msimu, wachezaji ambao hawakuwahi kuzaliwa popote lakini tuliwapenda kama ndugu. Liverpool ikiitwa Merseyside Red kwa sababu ya mambo ya leseni. Mpaka leo, mtu ambaye kidole chake kinakimbilia mraba akitaka kupiga shuti, huyo alilelewa na PES. Wa FIFA, gemu pinzani ya kampuni ya EA, anakimbilia duara.

Mwaka 2013 ilitoka PES 2014, imejengwa upya juu ya injini, yaani programu ya msingi inayoendesha gemu, inayoitwa Fox Engine. Toleo la jina hilohilo likatoka pia kwa PS2 (PlayStation ya pili) na PSP (ile ya mkononi), ila huko injini ilibaki ya zamani. Hilo la PSP liwekeni akilini, lina kazi huko mbele.

Halafu ikaja 21 Julai 2021. Konami wakatangaza kwamba jina la PES limefika mwisho. Badala ya diski ya kila mwaka kutakuwa na eFootball, ya bure, juu ya injini ya Unreal, inayosasishwa mtandaoni. Ilitoka 30 Septemba ikiwa na klabu tisa tu za kuchezea bila mtandao, na nyuso za wachezaji zimepinda kiasi kwamba picha zake ziligeuka vichekesho duniani kote. Haikupita muda Konami wakaomba radhi hadharani. Toleo la 1.0 lilifika 14 Aprili 2022. Master League haikuwemo; walikwishasema itakuja baadaye, na kwa kulipia.

Sasa nianze na dai linalopimika. Wazee wa PES wanasema gemu za mtandaoni ni "nzito": unabonyeza, mchezaji anafikiri kwanza. Wengi hudhani hayo ni masikio ya uzee. Siyo. PES ya PS2 ilitengenezwa kwa ajili ya padi mbili zilizochomekwa kwenye mashine moja. Gemu ya fremu 60 kwa sekunde inachora picha mpya kila baada ya milisekunde 17 hivi, na padi ya waya inaweza kusikilizwa kwenye fremu inayofuata. Sasa mweke mpinzani wako Frankfurt. Kutoka Dodoma hadi huko, kwa mstari ulionyooka, ni kama kilomita 6,800. Mwanga ndani ya mkongo husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kwenda na kurudi tu, bila kifaa chochote kuchelewesha, ni milisekunde 68. Hizo ni fremu nne zimekwenda. Na hakuna mkongo ulionyooka: data yetu inateremka kwanza Dar es Salaam, inaingia baharini kwenye mikongo kama SEACOM iliyofika 2009 au EASSy ya 2010, inazunguka bara, ndipo inafika. Ukipima utaona namba kubwa zaidi ya hiyo.

Mpinzani akiwa Dar umbali si hoja tena. Hapo kinachochelewesha ni mtandao wa simu wenyewe, mnara uliojaa watu saa mbili usiku, na Wi-Fi ya nyumbani inayopita kuta tatu. (Nikiitwa kwenye banda ambako "gemu inakwama", kabla sijagusa kitu chochote nauliza waya wa mtandao uko wapi. Mara nyingi haupo.)

Huo muda unaopotea mtengenezaji lazima auweke mahali. Njia moja ni kuwachelewesha wote wawili sawasawa: kitufe chako kinasubiri fremu kadhaa ili cha mwenzako kifike, na mchezo unakuwa wa haki ila mzito. Njia nyingine ni kubashiri: mashine inakisia mwenzako atafanya nini, inaendelea, na ikigundua imekosea inarudi nyuma na kusahihisha haraka kabla jicho halijaona. Kwenye gemu za ngumi za watu wawili njia hii inafanya kazi vizuri sana. Kwenye mpira kuna watu 22 na mpira mmoja ambao kila mtu anaukodolea macho. Huwezi kuurudisha hatua mbili nyuma baada ya watu kuanza kushangilia. Ndiyo maana watengenezaji wengi hujificha nyuma ya miondoko. Mchezaji anageuka kwa mwendo mrefu kidogo na wa kupendeza, na ndani ya huo mwendo mtandao unapata nafasi ya kupumua. Kwa anayetazama, huo ni urembo. Kwa aliyeshika padi, mchezaji hamtii.

Kwa hiyo kijana anayesema PES 6 ilikuwa inasikia zaidi hajidanganyi. Analinganisha gemu iliyojengwa kwa ajili ya benchi na gemu iliyojengwa kwa ajili ya bara.

Kwenye dai hilohilo kuna pesa, ambazo naona zinalaumiwa kwa sababu isiyo yake. Diski ikishauzwa, mtengenezaji hana shida nawe tena mpaka mwakani. Gemu ya bure inahitaji urudi Alhamisi hii, na ijayo, na ile ya baada yake. EA walionyesha njia na Ultimate Team kwenye FIFA 09, mwaka 2009. Konami wakafuata na myClub kwenye PES 2015. Tangu hapo timu yako si klabu unayoipenda, ni kadi za wachezaji ulizokusanya kwa kufungua pakiti usizojua ndani mna nani. Ubelgiji iliamua mwaka 2018 kwamba pakiti za namna hiyo za kulipia ni kamari, na EA wakaacha kuuza FIFA Points, sarafu za kununulia pakiti hizo, nchini humo Januari 2019. Mimi tamaa yao hainishangazi, kila duka linataka mteja arudi. Kinachoniuma ni kwamba Master League ilikuwa hadithi yenye mwanzo na mwisho: unaanza na kina Castolo, unateseka, unawauza, unabeba kombe, unazima mashine. Gemu ya kadi haina pa kuzimia.

Dai la pili ndilo gumu, na bahati nzuri lilikwishajaribiwa na wenzetu wa michezo mingine.

World of Warcraft, gemu ya mtandaoni ya kampuni ya Blizzard ambamo maelfu ya watu hucheza pamoja, ilitoka Novemba 2004. Desemba 2010 Blizzard waliubomoa na kuujenga upya ulimwengu wake wa awali, na waliobaki na hamu wakaanza kuendesha seva zao za kienyeji. Kwenye BlizzCon ya 2013, mkutano wa Blizzard na mashabiki wao, shabiki aliuliza kuhusu seva rasmi za toleo la kale. Mtayarishaji J. Allen Brack akamjibu kwa maana hii: mnadhani mnalitaka, lakini hamlitaki. Wachezaji hawakumsamehe. Aprili 2016 seva ya kienyeji ya Nostalrius ikafungwa baada ya barua ya mawakili, kelele zikazidi, na Novemba 2017 ni Brack yuleyule aliyepanda jukwaani kutangaza World of Warcraft Classic. Ilifunguliwa Agosti 2019 na foleni za kuingia zikawa ndefu.

Watu husimulia kisa hiki kama ushindi wa mashabiki, na ni ushindi kweli. Lakini tazama kilichofuata. Ragnaros, lile jitu la moto, mara ya kwanza liliangushwa Aprili 2005, miezi mitano baada ya gemu kutoka. Kwenye Classic liliangushwa ndani ya wiki ya kwanza. Gemu yenyewe ilikuwa karibu ileile. Waliobadilika ni watu: walikuja na miaka 15 ya maarifa, ramani, hesabu na video. Ile hali ya kupotea msituni na kumuuliza usiyemjua njia haikurudi, kwa sababu hakuna aliyepotea. Kwa hiyo Brack alikosea kuhusu gemu, akapatia nusu kuhusu watu.

RuneScape, gemu nyingine ya mtandaoni, ya kampuni ya Jagex, walifanya kitu ninachokiheshimu zaidi. Novemba 2012 Jagex walibadilisha mfumo mzima wa kupigana, wachezaji wakaanza kuondoka. Kampuni ikakuta imehifadhi nakala ya gemu ya Agosti 2007, ikaitisha kura, na Februari 2013 ikaifungua kwa jina la Old School RuneScape. Wengi walidhani itakuwa makumbusho. Badala yake ikaendelea kukua mpaka ikapita toleo kuu kwa wachezaji, na siri yake ni kwamba haikukaa vilevile: maeneo mapya na silaha mpya zinaingia, ila pendekezo linapigiwa kura kwanza. Kwa miaka mingi kiwango kilikuwa asilimia 75 ya ndiyo, baadaye kikashushwa hadi 70. Walichopata wachezaji wale ni mamlaka juu ya mabadiliko, na naamini hicho ndicho walichokuwa wakikitafuta walipotaja mwaka 2007.

Sasa turudi kwenye ile PES 2014 ya PSP. Leo mwanafunzi wa UDOM mwenye simu ya bei ndogo anaweka PPSSPP, programu iliyoanza 2012 ya kuiga PSP kwenye vifaa vingine, kisha anatumiwa faili la gemu na rafiki yake kwenye WhatsApp. Akilifungua anakuta Simba na Yanga, jezi za msimu huu na usajili wa dirisha lililopita, vyote vimepachikwa na mafundi wa mtaani juu ya injini ambayo Konami waliiacha zamani. Kisheria ni eneo la giza, sitajifanya sioni. Lakini kama ushahidi wa watu wanataka nini, ni safi. Hakuna anayehangaika kurudisha vikosi vya 2006. Wanataka gemu inayosikia, isiyokula bando, yenye timu zao wenyewe, na inayofunguka kesho hata kama huko Japani mtu ameamua vingine.

Hayo si mapenzi ya zamani kwa ajili ya zamani. Ni kama abiria wa treni ya mwendokasi ya Dar–Dodoma anayeikumbuka ile treni ya zamani: hakuna anayetaka kulala njiani tena, anakumbuka soga za behewani. Benchi la banda lilikuwa na sheria yake, anayefungwa anapisha, na aliyefunga alikutambia mbele ya watu wanaokujua mpaka mama yako. Kwenye eFootball unayemfunga ni jina na bendera, akizidiwa anakata mtandao.

Na kumbukumbu nayo ina upendeleo wake. Watafiti wameonyesha mara nyingi kwamba mtu mzima hukumbuka kwa wingi zaidi mambo ya kati ya miaka 10 na 30 ya umri wake. PES 6 iliwakuta wengi wetu humohumo. Mdogo wangu, aliyeanzia eFootball kwenye simu, ataililia hiyohiyo akifika umri wangu, na nitakosa cha kumwambia kwa sababu seva yake itakuwa imezimwa, hana diski ya kunionyesha.

Hapo ndipo nilipo mimi. Septemba 2023 kampuni ya Valve waliileta Counter-Strike 2, gemu ya kupigana kwa bunduki, juu ya Counter-Strike: Global Offensive ya 2012, na mchezaji akafungua kompyuta akakuta ya jana imevaa ngozi mpya. Mambo mengi yaliboreshwa, sibishi. Lakini PS2 ya banda la Nkuhungu haijawahi kumwamkia mwenye banda na gemu tofauti na aliyoizima usiku.

Kwa hiyo vijana, mkitaka kuwasumbua Konami, acheni kuomba PES 6. Ombeni vitu vinavyoandikika kwenye mkataba: mechi ya padi mbili isiyohitaji intaneti kabisa, Master League inayohifadhiwa kwenye mashine yako, na siku seva zitakapozimwa, toleo la mwisho linaloweza kuendelea kuchezwa. Cha kwanza si kigumu kukiandika, wahandisi wao wanakijua tangu 1995. Cha tatu kinahitaji mwanasheria kuliko mhandisi, na ndicho ningeanza nacho.