Xishuangbanna: mkoa wa mpakani wa China na maana ya "kujiendesha"

Xishuangbanna ni mkoa ulio kwenye ncha ya kusini kabisa ya jimbo la Yunnan, kusini-magharibi mwa China. Magharibi na kusini-magharibi umepakana na Myanmar, kusini na mashariki umepakana na Laos, na mpaka huo una urefu wa zaidi ya kilomita 900. Eneo lake ni takriban kilomita za mraba 19,000, na sensa ya mwaka 2020 ilihesabu watu wapatao milioni 1.3. Makao makuu ni mji wa Jinghong, uliojengwa kando ya mto ambao Wachina huuita Lancang. Maji hayohayo yakishaingia nchi jirani huitwa Mekong.

Jina lake la kiserikali ni refu: Mkoa Unaojiendesha wa Wadai wa Xishuangbanna. Msomaji anayekutana nalo kwenye habari za China hujiuliza Wadai ni akina nani, na huko kujiendesha ni kwa kiasi gani. Majibu yanapatikana kwenye historia, na historia yenyewe haianzii Beijing, inaanzia bondeni.

Wadai wa hapa hujiita Walue, au Tai Lue. Lugha yao ni ndugu wa Kilao na Kithai, na kwa karne nyingi wamekuwa wakulima wa mpunga kwenye mabonde ya mto huu na vijito vyake. Masimulizi yao ya kale yanasema kwamba mwaka 1180 kiongozi aitwaye Phaya Coeng aliyaunganisha mabonde hayo kuwa ufalme mmoja, kiti chake kikiwa hapo ambapo leo ni Jinghong. Mwaka 1570 ufalme uligawanywa katika panna 12. Panna ilikuwa kipimo cha utawala na kodi: vijiji kadhaa pamoja na mashamba yao vikiwajibika kwa pamoja kumlipa mfalme na kutoa watu wa kazi zake. Kumi na mbili kwa lugha yao ni sipsong, na Sipsong Panna ikitamkwa Kichina ndiyo Xishuangbanna.

Ufalme huu mdogo ulikaa katikati ya wakubwa wawili. Kaskazini kulikuwa na China, na magharibi kulikuwa na Burma, nchi inayoitwa Myanmar siku hizi. Watawala wake walipeleka kodi pande zote mbili na kupokea mihuri ya cheo kutoka pande zote mbili, na wenyewe walikuwa wakisema kwamba China ni baba na Burma ni mama. Wafalme wa China kwa upande wao waliona ni rahisi zaidi kumwachia chifu wa huko atawale watu wake, mradi atambue ukuu wao na alete ushuru. Mfumo huo kwa Kichina uliitwa tusi, nao ulidumu hapa kwa vizazi vingi kuliko sehemu nyingi za China.

Sababu moja kubwa ilikuwa malaria. Mabonde ya Xishuangbanna ni ya joto na unyevu, mbu wamejaa, na wafanyabiashara Wachina waliokuja kununua chai walijitahidi kuondoka kabla ya mvua kuanza. Askari na maofisa waliopangiwa huko waliogopa homa kuliko vita. Mtu wa pwani yetu au wa kando ya Ziwa Victoria haelezwi mara mbili jinsi ugonjwa huu unavyoweza kuamua nani akae wapi. China ilipata cheti cha Shirika la Afya Duniani cha kuwa nchi isiyo na malaria mwaka 2021, na mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa ndani ya nchi alikuwa ameripotiwa Yunnan, mwaka 2016.

Mpaka tunaouona kwenye ramani ni wa juzi tu. Mwaka 1895 Ufaransa, iliyokuwa ikiitawala Indochina, ilitiliana saini na China makubaliano yaliyokata sehemu ya mashariki ya ufalme huo na kuiingiza katika eneo ambalo sasa ni jimbo la Phongsaly nchini Laos. Upande wa Burma mstari ulijadiliwa muda mrefu hadi ukamalizwa kwa mkataba wa mwaka 1960. Walue wakabaki pande zote: Jinghong, Kengtung nchini Myanmar, Muang Sing nchini Laos, na mikoa ya kaskazini mwa Thailand. Ni kama Wadigo wa Kwale na Wadigo wa Tanga, watu wa ukoo mmoja na harusi za pamoja, waliogawanywa na mstari uliochorwa na wageni.

Sasa tuje kwenye kujiendesha. Baada ya Chama cha Kikomunisti kushika nchi mwaka 1949, utawala wa machifu ulivunjwa. Mfalme wa mwisho wa Sipsong Panna, Dao Shixun, alikuwa kijana bado. Aliachia cheo, akaishi Kunming, mji mkuu wa Yunnan, akajishughulisha na utafiti wa lugha ya watu wake, na alifariki mwaka 2017. Nafasi ya ufalme ikachukuliwa na chombo kipya: tarehe 23 Januari 1953 Xishuangbanna ilitangazwa kuwa eneo linalojiendesha la Wadai, na mwaka 1955 ikapewa hadhi ya mkoa.

China ina majimbo matano yanayojiendesha, Tibet na Xinjiang yakiwemo, na ngazi moja chini ipo mikoa 30 inayojiendesha. Yunnan peke yake ina 8. Sheria ya mwaka 1984 inataka mkuu wa serikali ya mkoa kama huu atoke katika kabila ambalo mkoa umepewa jina lake. Inaruhusu lugha ya kabila hilo kutumika ofisini na shuleni, na inawapa viongozi wa mkoa nafasi ya kurekebisha baadhi ya kanuni zilingane na hali ya huko. Kwa hiyo mabango ya Jinghong yana maandishi ya Kidai, yenye herufi za mviringo, pamoja na yale ya Kichina. Lakini tusidanganyane kuhusu mipaka yake. Katika mfumo wa China mwenye kauli ya mwisho ni katibu wa chama, na sheria hiyo haimlazimishi awe wa kabila fulani. Jeshi, mpaka, reli na mipango mikubwa ya uchumi huamuliwa juu. Kujiendesha huku si shirikisho wala si ugatuzi kama wa kaunti za Kenya. Ni utambulisho rasmi wa kabila ndani ya dola moja, pamoja na mamlaka kiasi juu ya mambo ya utamaduni na ya kila siku.

Na Wadai wenyewe si wengi wa kutosha kuitwa wenye mkoa peke yao. Ni chini ya theluthi moja ya wakazi. Karibu theluthi nyingine ni Wahan, kabila kubwa la China, na waliobaki ni Wahani, Wabulang, Walahu, Wayao na wengine. Kwa kawaida Wadai hukaa mabondeni, na makabila mengine hukaa milimani. Miongoni mwa watu wa milimani wamo Wajino, waliotambuliwa rasmi mwaka 1979, wakawa kabila la mwisho kuingizwa kwenye orodha ya makabila 56 ya China.

Wadai ni Wabudha wa Theravada, dhehebu lilelile la Thailand na Sri Lanka. Desturi yao ni kwamba mvulana huingia hekaluni akiwa mdogo, hukaa miezi au miaka akijifunza kusoma maandiko ya kale, kisha wengi hurudi nyumbani. Wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, kati ya 1966 na 1976, mahekalu yalifungwa na mengine kubomolewa. Yalifufuka miaka ya 1980. Katikati ya Aprili husherehekea mwaka mpya wao. Kuna mashindano ya mitumbwi mirefu mtoni na fataki za mianzi, sanamu za Buddha huogeshwa kwa maji, na mwisho watu humwagiana maji barabarani kutakiana heri. Mwaka 1961 Waziri Mkuu wa China, Zhou Enlai, alikuja Jinghong kukutana na mwenzake wa Burma, U Nu, akaingia kwenye sherehe hiyo akiwa na nguo za Kidai. Tangu hapo sikukuu ya bonde moja imekuwa kivutio cha nchi nzima.

Kitu kilichouunganisha mkoa huu na dunia kabla ya sikukuu hiyo ni chai. Misitu ya hapa ina michai ya kale yenye shina la kukumbatia, ya aina ya jani kubwa iitwayo assamica, ambayo ndiyo inayolimwa zaidi Kericho na Mufindi. Tofauti ni katika kuitengeneza. Majani huachwa yanyauke kidogo, hukaangwa kwenye karai la moto kwa mikono inayoyageuza bila kupumzika, huvingirishwa, kisha huanikwa juani. Baadaye hupigwa mvuke hadi yalainike, hutiwa kwenye kifuko cha kitambaa na kukandamizwa chini ya jiwe zito. Kinachotoka ni kitumbua bapa cha chai chenye gramu 357. Vitumbua saba hufungwa pamoja kwa maganda ya mwanzi, karibu kilo mbili na nusu, mzigo uliokuwa rahisi kupangwa mgongoni mwa nyumbu. Misafara ya nyumbu iliupeleka hadi Tibet. Chai hii inaitwa Pu'er, jina la mji wa kaskazini zaidi ambako ilikusanywa na kutozwa ushuru, ingawa milima mikongwe ya chai kama Yiwu na Youle iko hapa Xishuangbanna.

Pu'er huhifadhiwa miaka mingi, na ladha hubadilika kadiri inavyozeeka. Mwaka 1973 viwanda vya Yunnan vilianza kutumia njia ya kuirundika na kuilowesha ili ikomae kwa wiki badala ya miaka. Kisha walanguzi wakaingia, bei ikapaa, na mwaka 2007 ikaporomoka ghafla, wakulima wakabaki na magunia. Majani ya kijiji cha Laobanzhang, katika milima ya Bulang wilayani Menghai, bado ni ghali ajabu. Mgeni anayenunua chai sokoni kwa jina hilo na awe mwangalifu, maana feki ni nyingi.

Zao la pili lina hadithi nzito zaidi. Miaka ya 1950, wakati wa Vita vya Korea, China iliwekewa vikwazo vya kununua mpira wa viwandani, ikaamua kupanda miti yake mwenyewe. Xishuangbanna ni miongoni mwa sehemu chache za nchi hiyo zenye joto la kutosha. Mashamba ya serikali yalianzishwa, yakaleta wafanyakazi Wahan kwa maelfu, na baada ya 1968 yakaongezewa vijana wa mijini waliopelekwa vijijini kwa amri. Vijana hao waligoma mwishoni mwa 1978 wakidai kurudishwa makwao, na walisikilizwa. Miti ilibaki. Wakulima wadogo nao walipanda, mteremko kwa mteremko. Kati ya 1976 na 2003 misitu ilishuka kutoka karibu asilimia 70 ya eneo hadi chini ya 50. Ukipita leo unaona kijani kitupu na unaweza kudhani ni msitu, kumbe ni mstari juu ya mstari wa mti mmoja tu, kila shina likiwa na mchanjo na bakuli dogo la kukinga utomvu.

Msitu uliosalia una thamani kubwa kwa sababu hiyohiyo. Karibu na Mengla ipo miti inayofikia mita 80, na kugunduliwa kwake mwaka 1975 kulisaidia kuwathibitishia wataalamu kwamba China ina msitu halisi wa mvua wa tropiki. Leo mgeni anaweza kupita juu yake kwenye daraja la kamba. Huko Menglun kuna bustani ya mimea iliyoanzishwa mwaka 1959 na mtaalamu Cai Xitao, ndani ya kitanzi cha mto, na ina spishi zaidi ya 10,000. Kama una siku moja tu mkoani humo, ipeleke hapo kuliko kwenye soko la usiku la Jinghong, ambalo ni zuri kwa samaki wa kuchoma na mchaichai lakini limejaa wapiga picha.

Tembo wa mwitu wa China, wapatao 300, wengi wao wako hapa na mkoa wa jirani. Mwaka 2020 kundi moja lilitoka katika hifadhi ya Xishuangbanna likaelekea kaskazini, likapita mashamba na miji midogo, na Juni 2021 likafika viunga vya Kunming, umbali wa kilomita 500 hivi. Serikali ilifunga barabara, ikawarushia chakula, ikawafuatilia kwa ndege zisizo na rubani. Agosti 8, 2021, tembo 14 waliuvuka mto Yuanjiang kurudi kusini. Dunia ilifurahia picha. Wakulima walioliwa mahindi walilipwa kupitia bima ya serikali, lakini swali la nafasi ya tembo katikati ya mpira na chai halijajibiwa.

Kwenda huko kumekuwa rahisi. Reli ya China na Laos ilifunguliwa tarehe 3 Desemba 2021, kilomita 1,035 kutoka Kunming hadi Vientiane. Treni ya Kunming hadi Jinghong huchukua saa tatu na kitu kwenye njia ambayo zamani ilikuwa siku nzima ya basi. Wakati mzuri ni kati ya Novemba na Aprili, msimu wa kiangazi, ingawa asubuhi za Januari mabonde hufunikwa na ukungu hadi karibu saa tano. Tangu Aprili 2023 treni za abiria huvuka mpaka. Abiria hushuka na mizigo Mohan kugongewa muhuri wa kutoka China, hupanda tena, hupita kwenye handaki lenye urefu wa karibu kilomita 10, kisha hushuka mara ya pili Boten, upande wa Laos.